Alama Nyekundu za Siku Ambazo Hazijafika

Mama Naliaka,

Nisamehe. Miezi kumi imepita tangu tulipokulaza nyuma ya jiko, karibu na migomba uliyoipanda mwenyewe, nami sijakuandikia hata neno moja. Siku ile niliahidi kimoyomoyo kwamba ningekuandikia kila mwezi, kama nilivyofanya nilipokuwa chuoni na wewe ukiwa Lugulu kwa wazazi wako. Sikutimiza. Karatasi ilikuwepo, kalamu ilikuwepo, na muda, Mungu anajua, ulikuwepo wa kumwaga. Kilichokosekana ni uso. Mtu humwandikia mkewe kwa uso gani akiwa na jambo kama hili nililo nalo?

Nitalisema sasa hivi, mwanzoni kabisa, nisije nikalizunguka tena. Zile alama katika daftari lako la dawa, za siku nne nilizokuwa Kamukuywa, niliziweka mimi kabla sijaondoka. Jirani yetu Rispa hakuzigusa. Lakini anayelaumiwa kwa kifo chako ni Rispa. Jumamosi hii binti yetu Naliaka anakuja, nami sijui kama nitamwambia.

Basi, nimeandika. Sasa niruhusu nikueleze kwa utaratibu, kwa maana hujui yaliyotokea baada yako, na nisipofuata utaratibu nitapotea.

Watu walipotawanyika baada ya mazishi, nilinyamaza. Nilikamua ng'ombe, nikapeleka maziwa barabarani, nikarudi, nikaketi. Naliaka alipiga simu kila jioni kutoka Bungoma, nami nilimjibu "ndiyo", "la", "nashukuru". Jumapili tatu sikwenda kanisani, wala sikuwa mgonjwa. Nilivaa koti, nikashika Biblia, nikafika mlangoni, nikarudi kitini nikiwa nimevaa hivyo hivyo hadi jua likapinda.

Mwezi wa Machi Naliaka akaja mwenyewe, na daftari kubwa la jalada gumu, lile ambalo madukani mjini Kitale huitwa kaunta buku. Akaliweka mezani mbele yangu kama mwalimu mkuu awekavyo barua ya onyo.

"Baba, hii ni yako. Kila siku unaandika. Kitu umefanya, kitu umekula, vile umelala. Nikikuja mwisho wa mwezi ninasoma."

Nilimwambia kwamba mimi si mtoto wa darasa la nne.

"Si ndiyo maana! Mtoto wa darasa la nne angekuwa ameshamaliza. Mistari tano tu, Baba."

"Mistari mitano."

Akacheka. Mama Naliaka, alicheka, kwa mara ya kwanza tangu uondoke, na meno yake ni yako. "Haya, mitano. Sasa uandike, bana, usinisahihishe."

Nikaandika. Siku ya kwanza: Nimeamka. Nimekamua. Nimekula. Nimeketi. Nimelala. Mistari mitano, kama nilivyoagizwa. Siku ya pili niliandika hayo hayo. Siku ya tatu niliandika, "Kama jana." Mimi, ambaye niliwapa sifuri watoto wa watu kwa kuandika "kama jana" katika insha, niliandika "kama jana" na nikalifunga daftari bila haya. Wiki ya pili nilikosa siku tano. Daftari lilikaa chini ya magazeti, nami nikawa naliogopa kama mtu anavyoogopa mlango wa jamaa aliyegombana naye.

Kilichonisaidia kilikuja kwa bahati. Asubuhi moja nilikuwa nikifuta meza, nikaliinua daftari na kuliweka juu ya chupa ya chai. Nilipotaka chai, ilibidi kwanza niliondoe. Nikaketi nalo mkononi. Ndipo nilipojiwekea sheria: hakuna chai kabla ya mistari mitano. Unanijua mimi bila chai. Nikitoka kupeleka maziwa, viatu vikiwa bado vina umande, nilikuwa naketi pale jikoni, kwenye kile kigoda chako kifupi, nikiandika ya jana haraka haraka ili nimimine.

Mwanzoni niliandika kwa ajili ya chai. Kisha, sijui ni siku gani, nikaanza kuandika kwa ajili ya kuandika. Niliandika kwamba ng'ombe ameanza kurusha teke tangu uondoke, kwa sababu mimi simwimbii. Niliandika kwamba mwewe alichukua kifaranga, na kwamba mawingu juu ya Mlima Elgon yalikuwa mazito lakini hayakutuletea kitu. Siku moja niliandika kwamba nilipika kunde nikasahau chumvi, nikazila hivyo hivyo, nikalia. Nililitazama neno hilo kwa muda mrefu. "Nikalia." Sikuwa nimelitamka kwa mtu yeyote, na sasa lilikuwa pale, kwa mwandiko wangu, wala dunia haikuanguka. Mwezi wa nne nilikuwa ninajaza karibu ukurasa mzima kila siku. Nikianza kusahau sauti yako, nilirudi nyuma katika kurasa, nikaikuta.

Naliaka alikuja mwisho wa mwezi, akasoma akiwa amesimama, kisha akaketi. "Baba, sikujua Mama alikuwa anaimbia ng'ombe." Nikamwambia ni nyimbo zipi. Tukakaa hadi chakula cha mchana tukizungumza habari zako, na alipoondoka aliniambia nisiache hata siku moja. "Hata ukisafiri, Baba. Beba hii kitu."

Sikubeba. Hapo ndipo ugonjwa wangu wa zamani uliporudi.

Unaujua ugonjwa huo, maana uliniona nao mezani kwetu miaka yote. Kila mwalimu wa wakati wetu alitakiwa kujaza rekodi ya kazi: siku fulani, darasa fulani, somo hili limefundishwa. Ilitakiwa ijazwe baada ya kufundisha. Mimi niliijaza Jumapili baada ya kanisa, wiki nzima, kwa rula na kalamu mbili, ili mistari ilingane na mwandiko usiyumbe. Mkaguzi akija Jumatano, anakuta Ijumaa imekwisha kufundishwa. Hakuna hata mmoja aliyeliona hilo. Waliona usafi. Walinisifu mbele ya walimu wengine: tazameni rekodi za mwenzenu. Wewe ulikuwa ukipita na sinia la vyombo ukisema, "Mwalimu, na Mungu akikataa hiyo Ijumaa?" Nami nilicheka.

Mwezi uliopita, katikati ya palizi, nilialikwa Naitiri kumzika mwalimu mwenzangu wa zamani. Jumapili, kabla ya safari, nikaona kwamba nikirudi nitakuta siku tupu katika daftari, nami siwezi kuvumilia ukurasa wenye pengo. Nikachukua rula. Jumatatu: nimesafiri salama. Jumanne: tumemzika mwenzetu, watu walikuwa wengi, mvua haikunyesha. Jumatano: nimerudi, nimepalilia upande wa mtoni. Nikafunga daftari nikiwa na moyo mweupe kabisa.

Mvua ilinyesha Jumanne, Mama Naliaka. Ilinyesha hadi hema likalala chini, na shimo likajaa maji, na mazishi yakaahirishwa hadi siku iliyofuata. Nilirudi nyumbani Alhamisi. Asubuhi yake nikalifungua daftari ili nipate chai, nikakuta kwamba mtu aliyekuwa bado chumba cha maiti nilikuwa nimekwisha kumzika. Kwa mwandiko mzuri. Herufi zimelala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo.

Nilianza kucheka, kisha nikaacha. Niliinuka nikaenda kwenye sanduku, nikalitoa daftari lako.

Unalikumbuka. Daftari dogo la buluu, la kurasa thelathini na mbili. Yule muuguzi wa kliniki ndiye aliyeniagiza: kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, na kila akimeza, weka alama. Nilifurahi, nisikufiche. Tangu nistaafu hakuna aliyekuwa ameniagiza kujaza kitu. Nikachora safu kwa rula. Wiki za kwanza niliweka alama ukiwa umesimama mbele yangu na maji mdomoni. Baadaye nikawa naweka ya asubuhi na ya jioni kwa pamoja. Baadaye zaidi, sikumbuki ni lini, nikaanza kuziweka Jumapili za wiki nzima, kwa kalamu nyekundu, ili zifanane. Nilijiambia kwamba haina neno, kwa kuwa mimi mwenyewe nipo nyumbani na ninakupa dawa mkononi.

Na wewe ulikuwa umeanza kusahau. Ulisimama mlangoni na kitambaa begani ukiniuliza, "Mwalimu, hivi nimekunywa au sijakunywa?" Nami, nikiwa na gazeti langu, sikuinua macho. Nilikuambia, "Tazama daftari."

Mara ngapi nilikuambia hivyo? Tazama daftari. Ulizoea. Mwisho hukuniuliza tena, ulikwenda moja kwa moja dirishani lilipokuwa limewekwa, ukatazama, ukaondoka.

Agosti ile ndugu yangu wa Kamukuywa alikuwa anatahiri wajukuu, na niliitwa nikaseme neno la wazee. Nilikuahidi siku mbili. Niliondoka Jumatatu alfajiri, kabla hujaamka. Jumapili iliyotangulia, baada ya kanisa, nilikuwa nimekwisha kuweka alama hadi Alhamisi, ukurasa ulipoishia. Nilimwomba Rispa awe anakuja kukutazama asubuhi na jioni, naye akaniambia, "Wewe nenda, Mwalimu, Mama ni wangu pia." Kule Kamukuywa nilisifiwa kwa maneno yangu, nikaombwa nikae, nikakaa. Siku nne. Ijumaa asubuhi nikapigiwa simu kwamba umeanguka karibu na mlango wa zizi.

Daktari alisema ni presha. Alisema pia kwamba ingeweza kukupata hata kama ungekuwa umemeza kila kidonge. Nimeishikilia sentensi hiyo kwa mikono miwili. Mfa maji haachi kutapatapa. Nimeirudia asubuhi, nimeirudia shambani, nimeirudia kanisani wengine wakiimba. Haijanibeba.

Sasa nifike kwenye siku ya tatu baada ya mazishi, siku ya kunyolewa nywele. Unajua desturi yetu: jamaa huketi uani, na mzee wa ukoo huuliza marehemu aliuguaje, nani alikuwa naye, neno gani la mwisho alisema. Kinachosemwa pale ndicho kinachobaki. Naliaka alikuwa amesafisha chumba chako asubuhi hiyo, akakuta pakiti ya dawa, akahesabu. Vidonge vinane vilikuwa vimezidi. Akasimama mbele ya watu akiwa na pakiti katika mkono mmoja na daftari la buluu katika mkono mwingine.

"Baba yangu hakukosa hata siku moja," alisema. "Oneni. Miezi yote hii, kila siku iko na alama. Siku nne hakuwa, na hizo siku nne pia ziko na alama, lakini dawa iko hapa. Nani aliweka alama na hakumpatia Mama dawa?"

Rispa alikuwa jikoni na wanawake wengine. Akaja akijifuta mikono. "Naliaka, mwanangu, mimi nilikuwa namuuliza kila siku. 'Mama, umekunywa dawa?' Ananiambia, 'Nimekunywa, hata Mwalimu ameandika.' Ananionyesha daftari. Naona alama iko."

"Iko kwa sababu uliiweka wewe! Ati Mama aweke alama na asimeze? Nani anafanya hivyo?"

"Mimi nitoe kalamu nyekundu wapi? Mimi nasomesha nani? Si uulize Mwalimu, yuko hapo."

Watu wote wakanigeukia. Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu, Mama Naliaka. Kifuani, hapa, na kifuniko chake chekundu kinaonekana. Rispa aliitazama kalamu, akanitazama machoni, akangoja. Aliningoja bila chuki. Alikuwa na hakika kwamba nitasema, kwa sababu mimi ni Mwalimu na mwalimu husema kweli.

Nilisema: "Yaliyopita yamepita. Tusigombane juu ya kaburi bichi."

Mzee wa ukoo akatikisa kichwa. "Mwarimu ana roho safi," alisema, na wengine wakaitikia. Walidhani ninamsamehe. Nilisifiwa, unasikia? Nilisifiwa kwa kumsamehe mtu kosa nililolitenda mimi.

 Rispa alikwenda jikoni, akachukua kitambaa chake, akapita kwenye ua uliobomoka, akaenda kwake.

Nilijua palepale kwamba alama ni zangu. Nilijiambia kwamba ni alama tu, kwamba Rispa ni mtu mzima na maneno ya watu yataisha. Lakini jambo lile jingine sikuliruhusu liingie kichwani hadi asubuhi ile ya mwezi uliopita, nilipokuwa na madaftari mawili mezani, mwandiko mmoja. Hukusahau dawa. Ulifanya nilivyokufundisha. Ulisimama dirishani Jumatatu asubuhi, ukajiuliza kama umekunywa, ukatazama daftari, ukakuta mumeo amekuandikia kwamba umekunywa. Ukaamini. Jioni ukaamini. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, ukaamini. Ungeachwa bila daftari lolote ungemeza, kwa sababu ungeogopa. Mimi ndiye niliyekuondolea hofu.

Siwezi kuendelea vizuri. Nimetoka nje kidogo, nimerudi.

Umwone Rispa sasa. Yeye aliyekuwa akishika mwiko mkubwa kwenye kila harusi na kila msiba, ambaye wali wake ulikuwa haushiki chini hata ukipikwa kwa watu mia tatu, haitwi tena kupika. Kina mama wa kanisa hawakumfukuza. Wanamwambia tu, "Pumzika, Mama, leo wako wengine." Anakaa nyuma ya hema kama mgeni. Mwezi wa nne kulikuwa na harusi hapa karibu, akaenda na kisu chake cha kukatia kitunguu kama kawaida, akarudi nacho kabla ya saa nne. Nilimwona akipita. Nilijificha nyuma ya zizi. Mimi, mzee wa umri huu, nilichuchumaa nyuma ya ng'ombe.

Mtoto wake wa kiume yuko Naitiri na amemwambia aende akakae naye. Jumatatu ijayo anahama. Amekwisha kuuza kuku. Akienda, ataondoka na jina hilo, na huko Naitiri litamfuata, kwa kuwa maneno ya matanga hayahitaji nauli.

Na Naliaka anakuja Jumamosi kunichukua. Anasema siwezi kuendelea kukaa peke yangu. Mkwe wetu ni mtu wa heshima, anajua kwamba haifai nilale chini ya paa lake, kwa hiyo amenikodishia chumba upande wa pili wa barabara huko Bungoma, chenye dirisha linaloutazama mlango wa binti yako. Naliaka amekwisha kukipaka rangi. Amenitumia picha. Amenunua meza ndogo na kuandika chini ya picha, "Ya daftari yako, Baba."

Atalisoma daftari Jumamosi. Ni mwisho wa mwezi, na mwezi uliopita hakuweza kuja. Na ndani yake kuna ukurasa ambao hajauona.

Siku ile ya madaftari mawili, kabla ya chai, niliandika mistari mitano. Niliandika kwa kalamu ya kawaida na sikutumia rula. Niliandika kwamba alama nilikuwa nimeziweka mimi Jumapili. Niliandika kwamba uliziamini. Niliandika kwamba Rispa alisema kweli mbele ya watu na mimi nilinyamaza. Niliandika jina langu lote. Mstari wa tano niliandika, "Hii ndiyo siku ya kwanza ambayo nimeandika jambo likiwa limekwisha kutokea, na lote." Tangu hapo sijakosa hata siku moja, na sijaandika siku moja kabla haijafika, ingawa nyingine zina maneno matatu tu. Niliwahi kudhani kwamba ugumu wa kuandika kila siku uko katika kutokosa. Kutokosa ni kazi ya rula. Ugumu uko katika kungoja siku iishe, kisha kuitazama usoni kabla ya kuandika.

Nimefikiria kuuchana ukurasa huo. Nisikufiche, Jumanne nilikwisha kuushika kwenye pembe. Lakini daftari lile limeshonwa kwa uzi: ukichana karatasi moja, mwenzake wa upande wa pili analegea na kutoka. Nikatazama mwenzake ni upi. Ni ule wa mwezi wa nne, wenye nyimbo zako za ng'ombe. Nikauachia.

Fikiria ninavyofikiria. Nikimwambia Naliaka, binti yetu atakuwa amempoteza mama mwaka jana na baba mwaka huu. Alisimama mbele ya ukoo akasema baba yake hakukosa hata siku moja. Amejengea hapo. Huenda akafunga kile chumba na kuondoka, na sitamlaumu, na nitabaki hapa na ng'ombe na migomba hadi wanilaze karibu nawe, ikiwa utakubali. Nisipomwambia, nitakaa dirishani Bungoma, nitaletewa chai, wajukuu watanisomea, na kila mara Naliaka atakaposema "Baba yangu ni mtu wa ukweli", nitameza mate. Na kumwambia yeye peke yake hakutoshi. Rispa hakushtakiwa chumbani. Alishtakiwa uani, mbele ya ukoo. Kwa haki, ni huko huko inapasa nisimame, niwaite tena wale wale, niseme: keti, Mama, mimi ndiye. Najua linalonipasa. Nimewafundisha watoto wa watu linalowapasa kwa miaka thelathini na minne. Lakini sijamwita hata mmoja. Ninapojaribu kusali, nafika kwenye "utusamehe" na ulimi unakuwa mzito kama ubao.

Laiti ungekuwepo uniambie. Halafu nakumbuka: ungekuwepo, kusingekuwa na la kuambiwa.

Je, ulijua? Hilo ndilo linaloninyima pumzi. Pale karibu na zizi, ulipohisi kichwa kinapasuka, ulifikiri ni nini? Ulijiambia, "Lakini nimekunywa dawa"? Nijibu hilo tu. Siombi unisamehe. Nijibu hilo tu.

Asubuhi ya leo nilikutana na Rispa kwenye mfereji wa maji. Hapakuwa na pa kujificha. Alikuwa akiosha masufuria yake makubwa, yale ya harusi, ili ayafunge kwa kamba. Nilidhani atanipita. Alisimama wima, akainamisha kichwa kidogo kama alivyofanya siku zote, akasema, "Habari ya asubuhi, Mwalimu. Umekula kweli? Umekonda." Nikamwambia nimekula. Sikuwa nimekula. Akachota maji, akasema, "Haya, ukae salama. Mimi naenda Jumatatu." Akangoja kidogo, kama alivyoningoja siku ile uani. Kisha akainama akaendelea kusugua.

Mama Naliaka, ameningoja mara mbili. Sina hakika kwamba binadamu hungoja mara ya tatu.

Leo ni Alhamisi. Nina kesho, nina asubuhi ya Jumamosi kabla gari la Naliaka halijapinda kuingia kwetu. Sitakuahidi nitafanya nini, kwa kuwa nimeahidi mengi kwa mwandiko mzuri, nawe umelala kwa sababu ya mojawapo. Ninachokuahidi ni hiki kimoja. Nikishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo, kabla sijala, kabla mtu yeyote hajanisifu wala kunilaani, nikueleze nilichokifanya na wala si nilichonuia kukifanya. Hata kikiwa kibaya. Hata ikiwa nilikaa kimya tena, nitakuandikia kwamba nilikaa kimya.

Kwaheri, mke wangu. Pumzika. Mimi bado.

Ni mimi mumeo,
Baba Naliaka